Pimbi na Wanawe Katika Mbio za Uji

Nyayo!

— Zimepita!

Zimepita za nani?

— Za wadogo na wakubwa!

Zilikuwa zikienda wapi?

— Tupeleke tukaone!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kipande cha muhogo, tafuna kimyakimya, maana ngano yangu ya leo ina njaa ndani yake, isije ikakuomba.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule yao juu ya kilima cha mawe. Mwalimu alikuwa Korongo, ndege mrefu, mwenye subira, aliyefundisha huku amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa kushoto hesabu, mguu wa kulia kusoma. Na kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, watoto walikunywa uji. Sufuria kubwa, nyeusi, inachemka jikoni: bwata! bwata! bwata! Watoto waliisikia tangu chini ya kilima, wakapanda mbio bila kuhimizwa na mtu.

Mwaka huo mto ukafurika. Maji yakaingia ghala la shule lililokuwa bondeni, yakabeba mtama wote, yakaenda nao yanakojua. Sufuria ikanyamaza.

Watoto wakaanza kusinzia. Kwenye kujumlisha, mtoto wa Swala akalala. Kwenye kutoa, watoto wa Kanga wakalala. Ilipofika kuzidisha, Mwalimu Korongo alikuwa akiifundisha mikoromo.

Sasa, katika mawe ya kilima hicho aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kanyama ka mawe, kadogo, kanene, hakana mkia. Mchana hukaa juu ya jabali akiota jua kama bibi harusi. Alikuwa mama wa watoto watatu: Kisigino, aliyependa kukimbia, Kiwiko, aliyependa kusukuma wenzake, na Kidevu, aliyependa kusema. Kidevu huyo alisema akila, alisema akioga, alisema akilala.

Siku moja Kidevu akarudi kutoka shuleni bila neno. Akaketi. Akatazama ukuta.

"Kidevu, mwanangu, mbona kimya?"

Kidevu akatikisa kichwa.

"Mama," akasema Kisigino, "anasema maneno yanamchosha. Tumbo ni tupu."

Pimbi akashika kifua. Mtoto kulia ni jambo la kawaida. Lakini Kidevu kunyamaza! Moyo ukamwambia: hapa tusingoje.

Kesho yake Mwalimu Korongo akawaita wazazi wote kivukoni, penye nafasi. Akasema:

"Wazazi wenzangu, tutakimbia mbio za hisani. Mzazi na wanawe. Tutaanzia hapa kivukoni, tutapita mashambani, tutapanda mpaka shuleni, kisha tutashuka turudi hapa hapa. Kila tutakapopita, jirani mwenye chochote atoe. Kitakachopatikana ni cha sufuria."

Wazazi wakapiga vigelegele. Lakini maji yakafanya: blub! blub! Kikatokea kichwa kama jiwe la kusagia. Alikuwa Kiboko.

Kiboko alikaa kivukoni. Mto haukuwa wake, ila nani angemwambia? Mwaka uliopita alijitolea kuwatunzia wanyama maboga yao wakati wa mvua. Maboga hayo hayajaonekana tena, ila Kiboko mwenyewe aliongezeka.

"Mbio zinaanzia kwangu?" akauliza.

"Ndiyo, Bwana Kiboko."

"Zinaishia kwangu?"

"Ndiyo, Bwana Kiboko."

"Basi na sheria ni yangu. Atakayefika kwanza ndiye mwenye vyote vilivyochangwa. Na mimi nitakimbia."

Wanyama wakatazamana. Kiboko mnamwona mnene, lakini akikimbia nchi kavu, mpishe.

"Na ukishinda," akauliza Mama Swala kwa sauti ndogo, "chakula cha watoto utakifanyia nini?"

"Nitakitunza."

Wote wakatazama tumbo lake.

Mwalimu Korongo akabadilisha mguu. Aliogopa, lakini mwalimu ni mwalimu. "Sawa, Bwana Kiboko. Ila hizi ni mbio za mzazi na mtoto. Wanaanza pamoja, wanamaliza pamoja. Anayefika bila mtoto wake, hajafika."

"Sawa, sawa, sawa," akasema Kiboko. Mawazo yalikuwa yameshafika mashambani.

Wazazi wakaanza kujitoa. Mama Swala, mwenye miguu kama upepo, akasema, "Goti langu." Punda milia akasema, "Mgongo wangu." Nje walisema hivyo, ndani walisema hivi: leo nikimshinda, kesho nitavukia wapi?

Ndipo sauti nyembamba ikatoka chini: "Mimi nitakimbia."

Wakatafuta. Wakatazama chini. Pimbi! Na watoto wake watatu nyuma yake. Yeye hakuhitaji kivuko. Pimbi hunywa umande na maji ya majani. Mto huuona kwa mbali tu.

Kiboko akacheka mpaka mawimbi yakapiga ukingo. "Ho! ho! ho! Wewe? Unishinde mimi?"

"Nikushinde wapi, Baba Bonge? Nataka tu wanangu waje wasimulie kwamba walikimbia na wewe."

Kiboko akapanua pua kwa furaha. Baba Bonge ndiye yeye, maana alikuwa na mtoto mmoja, Bonge, mnene kama baba yake, mpole kuliko baba yake. Bonge alikuwa pale majini, amefurahi hajui akae wapi.

"Baba, tutakimbia pamoja? Mimi na wewe?"

"Tutakimbia."

"Utanisubiri?"

"Mtoto wa kiboko hasubiriwi. Fuata nyayo."

Asubuhi ya mbio, kabla ya kushuka, Pimbi alipitia shuleni.

"Mwalimu, teleka maji."

"Maji ya nini, Mama Kisigino?"

"Ya uji."

"Uji wa nini? Hatuna hata punje."

"Wewe teleka tu, Mwalimu. Maji yakichemka mapema hayamwudhi mtu."

Kisha akawaambia wanawe: "Leo kazi yenu ni kukimbia, kuimba na kucheka. Kazi ya kubeba ina mwenyewe."

Kivukoni alikaa Kobe, mwamuzi. Walimchagua Kobe kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha. Alikuwa na baragumu la pembe. Akalipuliza: puuuuu!

Wakaanza. Kiboko: gubu! gubu! gubu! Pimbi na wanawe: ti-ti-ti-ti-ti! Na nyuma kabisa, Bonge: gubu-gubu, "Baba, nisubiri!", gubu-gubu, "Baba, nisubiri!" Kiboko hakugeuka.

Wakafika shamba la Kanga. Bi Kanga alikuwa amesimama njiani na kapu lake, limejaa mtama hadi mdomoni. Kiboko akapita vuuu! Pimbi akapaza sauti:

"Baba Bonge! Baba Bonge! Umepita mali yako!"

Kiboko akasimama, vumbi tifu! "Mali gani?"

"Kapu la mtama. Nani atashinda leo?"

"Mimi."

"Basi mtama huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na ukiuacha hapa njiani, na ngedere wale wako juu ya mti wanatazama?"

Kiboko akatazama juu. Ngedere wakatazama chini. Mmoja akajikuna kwapa, akatabasamu.

"Weka mgongoni!" akanguruma Kiboko.

Bi Kanga akamnong'oneza Pimbi huku wanalifunga kapu kwa kamba. "Shoga, chakula cha watoto unampa huyu?"

"Simpi, shoga. Namtwisha."

Wakaendelea. Kiboko: gubu! gubu! gubu! Pimbi na wanawe: ti-ti-ti-ti-ti! Na Bonge nyuma, "Baba, nisubiri!"

Wakafika shamba la Nungunungu. Mzee Nungunungu alikuwa ametoa maboga na viazi vitamu, na viazi vingine vimechomekwa kwenye miiba yake kwa kukosa kapu. Kiboko akapita vuuu!

"Baba Bonge! Baba Bonge! Umepita mali yako!"

Tifu! "Mali gani tena?"

"Maboga. Viazi. Nani atashinda leo?"

"Mimi!"

"Basi ni vya nani?"

"Vyangu!"

"Na ngedere—"

"Weka mgongoni!"

Wakaweka. Mgongo wa Kiboko ukawa kama gulio. Na hatua zake zikabadilika: gubu... gubu... gubu... Ndipo Bonge akawafikia. Ulimi nje, macho yanang'aa.

"Baba! Baba, tunakimbia sambamba!"

"Kimya, yasianguke maboga."

Lakini Bonge hakukasirika. Alikuwa upande wa baba yake, bega kwa bega, na jambo hilo halijawahi kumtokea. Watoto wa Pimbi wakaja upande wake wa pili, na Kiwiko akamsukuma kidogo, kama anavyowasukuma awapendao.

Mbele kidogo wakawakuta ngedere wenyewe, wametangulia kwa njia ya mitini. Wamesimama safu, na mikungu ya ndizi mbivu miguuni.

"Sisi tumekuja kuchanga," akasema mkubwa wao, "halafu tunasikia mama mmoja huko nyuma anatuita wezi."

"Nisameheni, wajomba," akasema Pimbi, akamkonyeza. Kisha akageuka. "Baba Bonge, wamezitoa kwa mkono wa kulia. Lakini wa kushoto unauona ulivyo?"

Kiboko hakungoja kuulizwa. "Zangu! Weka mgongoni!"

Sasa wakafika kwenye kilima. Jua limesimama utosini. Njia ni mawe, mawe yana moto. Kiboko akaanza kupanda. Gubu... hahh. Gubu... hahh. Kwa kuwa ngozi yake ni ya majini, ikaanza kukakamaa, na jasho lake jekundu likachuruzika mpaka magotini.

"Mama Kisigino," akahema, "hii ni damu?"

"Ni jasho la ushindi, Baba Bonge. Mimi sijawahi kulipata."

Akajikaza. Na Kidevu, aliyekuwa kimya siku zote hizo, akanusa ndizi, akameza mate, na sauti ikamrudia. Akaanzisha wimbo, wenzake wakamwitikia:

Nani huyo? — Baba Bonge!
Abeba nini? — Abeba vyote!
Aenda wapi? — Aenda juu!
Juu wapi? — Juu kabisa!

Kiboko alipenda wimbo ule. Hakuna aliyewahi kumwimbia. Walizoea kumkimbia tu. Akanyanyua kichwa, akapanda kwa kufuata mapigo: gubu! juu! gubu! juu!

Wimbo ukasikika huko chini. Mama Swala akatoka nje. Goti likapona. "Wanangu, twendeni!" Punda milia akatoka. Mgongo ukapona. Bi Kanga na vifaranga wake, Mzee Nungunungu na wajukuu wake, ngedere wote na waliobebwa tumboni, wakaingia njiani nyuma ya Kiboko. Wakubwa wanakimbia, watoto wanakimbia, wengine wanajikwaa, wengine wanabebwa mabegani, wote wanaimba: Juu wapi? Juu kabisa! Aliyekuwa amekataa mbio asubuhi alikuwa mbioni sasa, naye hakukumbuka aliingia saa ngapi.

Wakafika juu. Mwalimu Korongo alikuwa amesimama kando ya sufuria ya maji yanayochemka. Alipoona mgongo wa Kiboko, aliweka miguu yote miwili chini.

Kiboko alikuwa anayumba. Pimbi akamsogelea.

"Baba Bonge, ngozi yako inapasuka."

"Inapasuka," akasema Kiboko.

"Kutoka hapa ni mteremko. Ukishuka na mzigo, mzigo utakutangulia, nawe utaufuata kwa kichwa. Si uutue hapa? Ushuke mwepesi, ufike kwanza, ujitose majini. Mshindi si ndiye mwenye vyote, popote vilipo?"

"Ndiye. Na wewe?"

"Mimi na miguu hii? Nitakuja polepole na wanangu."

Upepo ukavuma kutoka bondeni, ukaleta harufu ya mto. Kiboko akasikia harufu ya matope ya baridi, akasahau kila kitu. Akatua kapu, maboga, viazi, mikungu. Akageuka. Akashuka: GUBU! GUBU! GUBU! Mawe yakaruka huku na huku.

"Baba!" Bonge akaita. "Baba, nisubiri!"

Kiboko hakusikia. Au alisikia, sijui.

Bonge akabaki ukingoni mwa mteremko. Mdomo wake wa chini ukaanza kutetemeka. Na Pimbi, aliyekuwa akilingojea jambo hilo hilo tangu asubuhi, lilipotokea hakucheka. Moyo ulimchoma. Akampanda Bonge begani, akamwambia sikioni:

"Mwanangu, Mwalimu anatafuta mtoto mwenye nguvu wa kukoroga maji yasipoe. Unamjua mmoja?"

Bonge akavuta kamasi. "Mimi nina nguvu."

"Basi nenda, ushike mwiko."

Kisha Pimbi akawaita wanawe, wakashuka. Ti-ti-ti-ti-ti!

Huko chini, Kiboko alikuwa amefika. Chubwiiii! Maji yakaruka hadi kwenye matawi. Akaibuka, akanguruma: "Nimefika! Nimeshinda! Vyote vyangu!"

Kobe akatoa kichwa taratibu. "Nani?"

"Mimi! Huoni?"

"Naona. Mtoto yuko wapi?"

Kiboko akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama chini ya tumbo lake, asije akawa amemkalia. "Mtoto?"

"Mtoto."

"Lakini mimi niko hapa!"

"Umelowa, hilo naliona," akasema Kobe. "Lakini hujafika."

Kiboko akatoka majini. Akaanza kukipanda kilima upya. Gubu... hahh. Gubu... hahh. Katikati ya njia akakutana na Pimbi na wanawe wanashuka, ti-ti-ti-ti-ti!

"Shikamoo, Baba Bonge!" wakasema watoto watatu.

Kiboko akawapita. Akapanda, akapanda, akapanda. Njiani aliwaza maneno makali ya kumwambia mtoto mzembe asiyefuata nyayo. Alifika juu ameyapanga yote. Na pale aliwakuta wanyama wote na watoto wao, na katikati yao Bonge, mwiko mkononi, mvuke usoni.

Bonge akageuka. Akautupa mwiko.

"Baba! Umerudi kunichukua!"

Akamkumbatia mguu. Kiboko akafungua kinywa, na kinywa chake ni kama mlango wa pango. Wanyama wakarudi nyuma. Wakati huo huo, kutoka bondeni, likalia baragumu la Kobe: puuuuu! Pimbi amefika, na wanawe wote watatu wamefika, na vyote vilivyochangwa ni vyake.

Kwa Mwalimu Korongo hiyo ilikuwa ishara. Akamimina mtama. Nao pimbi wa ukoo wote, mashangazi na binamu, wakatoka mawemawe, wakayabeba yaliyobaki wakayaingiza kwenye nyufa za majabali, mahali ambapo pua ya kiboko haiingii hata akisali.

Kiboko angeweza kukanyaga. Nguvu alikuwa nazo. Lakini mguu wa kukanyagia ulikuwa umekumbatiwa.

"Baba, si ndiyo? Umerudi kunichukua?"

Kiboko akatazama mtama ukiingia sufuriani. Akatazama nyufa. Akamtazama mwanawe.

"Eh," akasema. "Ndiyo. Nimerudi kukuchukua."

Akaketi kwa kishindo. Pimbi aliporudi juu na wanawe, amechoka, mavumbi mpaka masikioni, alikuta sufuria inasema: bwata! bwata! bwata! Watoto wamekaa safu, kila mmoja na kibuyu chake. Kidevu akanywa, akaanza kusema, na mpaka leo hajanyamaza. Bonge alimletea baba yake uji. Kibuyu kilikuwa kidogo kama jino lake moja. Kiboko akaunywa kwa funda moja, akalamba midomo.

"Hamkutia asali?" akauliza.

Wanyama wakacheka mpaka Korongo akaanguka, na yeye alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili.

Sasa, watu wenye busara watawaambia kwamba ngano hii inafundisha tusiwe walafi. Mimi nakataa. Kiboko asingekuwa mlafi, maboga yale yangepanda kilima kwa mgongo wa nani? Wa Pimbi? Basi funzo ni hili: ulafi ni tabia njema, wazazi waikuze. Na kila shule iombe ijaliwe mlafi wake mmoja, mwenye mgongo mpana na kumbukumbu fupi.

Ngano yangu nimeitua hapo, mimi si wa kuibeba tena. Aliyesikia na ayakunje masikio yake vizuri. Asiyesikia na amuulize aliyesinzia.